Kulungu Hawaruki

Ilianza na mlio. Tik, tik, tik-tik, kisha kimya kidogo, kisha tik nyingi kwa pamoja, kama watu wanaopukuchua maharage makavu kwenye chumba kisicho na taa. Nilikuwa nimeiegemeza simu kwenye kinu, jikoni kwa mama, na kioo chake kilikuwa cheusi tupu. Dada yangu alikuwa amerekodi video huko aliko, kaskazini kabisa ya Ulaya, ambako ikifika Novemba jua huchungulia kidogo tu na kuondoka. Giza lilikuwa limekula picha yote. Ukabaki mlio.

"Hebu otea," sauti yake ilinong'ona mwishoni. "Muulize na mama."

Niliurudia. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nikasema labda ni barafu inapasuka. Nikasema labda ni kengele zenye kutu. Mama hakuacha kumenya.

"Hayo ni magoti," alisema. "Kuna mtu anapanda mlima, na amechoka."

Tulicheka, kwa sababu magoti yake mwenyewe yalikuwa yanalia hivyohivyo. Kila aliponyanyuka kwenye kigoda yalisema tik, naye akayajibu kwa Kichagga, maneno ambayo sitayaandika hapa.

Maelezo ya dada yalikuja jioni. Walikuwa kulungu wa kaskazini, wale wa Baba Krismasi, wanaochorwa kwenye kadi wakimburuza angani na gari lake lisilo na magurudumu. Kundi lilivuka barabara mbele ya basi alilopanda akitoka kazini. Dereva akazima injini na taa ili asiwatishe, na abiria wote wakakaa gizani wakisikiliza. Ndani ya mguu wa mnyama yule, aliandika, kuna mshipa unaoteleza juu ya mfupa kila anapokanyaga, na huo ndio unaolia. Theluji inapovuma na hakuna anayemwona mwenzake, wanasikilizana miguu ili wasipoteane.

"Kwa hiyo mama amepata," nikamwandikia.

"Amekosa kidogo tu. Siyo gotini, ni chini zaidi."

Mimi ndiye niliyemuuliza habari za wanyama hao, kwa sababu ya kazi. Kampuni ndogo ya vitabu ya Dar ilikuwa inatafuta mhariri wa vitabu vya watoto, na kama jaribio wakaniambia niandike hadithi fupi ya Krismasi yenye Baba Krismasi na kulungu wake. Nilikuwa nimeandika riwaya moja iliyosomwa na watu wachache walioipenda sana, na tangu hapo sikuwa nimemaliza kitu. Nilitaka meza ile ya mhariri kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Niliandika hadithi ambayo kulungu wanatembea usiku kucha kwenye theluji, miguu inalia, na watoto wanajua wamefika kwa kuusikia mlio kabla ya kuwaona. Nikaituma. Jibu likaja kwamba kazi ni yangu, nianze mwaka mpya ukishaanza, lakini hadithi ina kasoro moja. *Mbona kulungu hawaruki?*

Sikuwajibu swali hilo. Nilijibu kwamba nitakuja.

Shida ni kwamba sikuwa mtu wa kusema nitakuja. Kwetu, Old Moshi, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya mama. Kaka mkubwa hupewa chake, wa katikati hujitafutia, wa mwisho hupewa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kaburi la baba na mama mwenyewe. Si jambo linalojadiliwa. Tangu baba afariki, nilikuwa naamka kabla ya jua, nachukua mundu na kamba, nateremka kwenye kingo za mifereji kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe wetu, kama ng'ombe wote wa mlimani, hakuwahi kwenda popote. Alizaliwa bandani, akaolewa bandani na daktari mwenye sindano, akazalia bandani. Sisi ndio tuliomtembelea. Majani asubuhi, vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa mchana, maji, kuzoa samadi, majani tena. Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya mama, na ndiyo iliyomla magoti.

Nilikuwa nimechoka uchovu usiopona kwa kulala. Nilikaa mezani jioni na kalamu, mikono ikinuka majani, nikaandika sentensi moja, nikaifuta.

Lakini dada alikuwa amesema atakuja Desemba na kwamba safari hii harudi. Aliniambia kwenye simu, sauti nzito, siku aliyotoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee anakofanya kazi. Binti akirudi kwa mama yake hakuna wa kumfukuza. Nilimwamini. Niliyajenga yote juu ya maneno yale: yeye akae na mama, mimi nishuke Dar.

Desemba ikafika na magari yakaanza kupanda. Wenye kumbukumbu za mlimani wanajua: nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, ulezi unatwangwa kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mbuzi wanalia kila uwanja, na njia ambayo jana ilikuwa yako na kuku inakuwa na foleni. Nilishuka mjini kumpokea dada. Nje ya hoteli moja karibu na stendi walikuwa wamesimamisha kulungu wa waya waliozungushiwa taa, wakimvuta babu wa plastiki mwenye ndevu, na chini wametandika pamba iwe theluji. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba lami ilinata. Juu ya paa la hoteli hiyohiyo mlima ulikuwa umefunguka, theluji yake ya kweli, kidogo iliyobaki, inang'aa, na hakuna aliyekuwa anaitazama. Watu walikuwa wanapiga picha na pamba.

"Aisee," dada alisema nyuma yangu. Sikuwa nimemwona akishuka kwenye gari. "Wamewafunga kamba shingoni. Hivi hawajui kwamba watawanyonga?"

Alikuwa amekonda. Alinikumbatia na kuniegemea kwa muda mrefu kidogo kuliko salamu inavyohitaji, kama mtu aliyepata ukuta.

Jioni ile ndiyo alitoa pembe. Aliifungua kutoka kwenye sweta, akaiweka kwenye meza ya jikoni kati ya sufuria na bakuli la ndizi: pembe yenye matawi, ya kijivu, nyepesi kuliko ilivyoonekana. Mama jirani alikuwepo. Huyu ni mjane wa nyumba ya chini yetu, rafiki wa mama tangu walipoolewa, na banda lake lilikuwa tupu tangu ng'ombe wake alipokufa wakati wa masika. Alikuwa amekuja "kumsalimia mgeni", maana yake kuonja mbege.

"Mlimuua?" mama aliuliza, bila kuigusa.

"Hapana, mama. Niliiokota. Inaanguka yenyewe, kila mwaka, halafu inaota nyingine."

"Haimuumi?"

"Haimuumi."

Mama akaichukua, akaipima mkononi. Dada akaeleza, na nilimwona akichangamka kwa mara ya kwanza tangu afike. Madume huangusha pembe zao kabla ya Krismasi, alisema. Jike hubaki na zake kipindi chote cha baridi, kwa sababu ana mimba na lazima alinde kishimo anachofukua kwenye theluji ili apate chakula. Anakula mimea fulani myeupe, kama zile ndevu zinazoning'inia kwenye miti ya msitu wetu huko juu, ila yake inaota chini. Akishazaa, theluji ikianza kuyeyuka, ndipo anaweka pembe chini.

Mama jirani alikuwa ameshika kata ya mbege njiani kwenda mdomoni. "Ngoja kwanza. Wale wa kwenye kadi wana pembe."

"Wanazo."

"Na ni Krismasi."

"Ndiyo, mama. Basi ni majike. Au maksai."

"Wanawake na maksai!" Mama jirani alipiga paja. "Na babu amekaa nyuma, ameshiba, anacheka ho ho! Mama wewe, umesikia? Nilijua tu. Nilijua kwamba sikukuu hii kuna mtu anaivuta."

"Na mimba anavutishwa mzigo," mama alisema polepole.

"Hiyo ni hadithi tu, mama. Siku hizi huko wanatumia pikipiki za theluji. Hao niliowaona hawavuti kitu, wanatembea tu. Wanakwenda pwani kiangazi, wanarudi bara baridi ikija."

"Wana wenyewe?"

"Wana wenyewe. Kila ukoo una alama yake, wanawakata masikioni."

"Usiku wanalala wapi?"

"Popote."

"Anawakatia nani majani?"

"Hakuna anayewakatia."

Mama alimtazama kama mtu anayetaniwa. Alitafuta namna ya kulishika jambo lile. Mnyama asiyefungiwa, asiyekatiwa majani, na bado ni wa mtu.

"Basi hao wenyewe kazi yao ni nini?"

"Wanawafuata," dada alisema. "Wanyama wakianza safari, watu wanafunga mizigo."

Mama jirani alicheka mpaka akaiweka kata chini. "Ng'ombe anaamua safari, mwenye ng'ombe anafuata! Wangu, Mungu amrehemu, ningemfuata mpaka Taveta!"

Mama hakucheka. Alinyanyuka, tik, akaitundika pembe kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni, akarudi kukaa. Alikuwa bado anaitazama mama jirani alipoondoka.

Krismasi ikaja ikapita. Kaka zangu walipanda na familia zao, wakala, wakasali, wakapiga picha chini ya migomba, wakashuka. Mbuzi alichinjwa na kila kipande kikaenda kwa mwenyewe kama inavyotakiwa, na kisusio, mchuzi wa damu, kikanywewa kikiwa moto. Mama alisimama tangu alfajiri hadi watu walipokwisha. Watoto wa mjini walitaka kujua Baba Krismasi anapitia wapi kama nyumba haina bomba la moshi, na mama jirani akawaambia anapitia bandani kwa ng'ombe, ndiyo sababu anachelewa. Yote hayo niliyaona kama mtu anayetazama kwa nyuma ya kioo. Nilikuwa namsubiri dada amwambie mama kwamba anabaki. Hakusema.

Asubuhi moja aliniomba aje nami kwenye majani. Tulikata kwenye ukingo wa mfereji, maji yakipita pembeni yetu, baridi kutoka juu. Alikuwa hajasahau mundu. Nilipoona fungu lake linakaribia kutosha, nikauliza.

"Umeshamwambia mama?"

"Kwamba nini?"

"Dada."

Aliendelea kukata. "Nimewaambia kazini nitarudi."

Nilisikia maneno hayo na kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa meza ya Dar, ambayo sikuwahi kuiona, na kiti kilichosukumwa chini yake.

"Ulisema hurudi."

"Nilisema nikiwa nimechoka."

"Na sasa?"

"Sasa pia nimechoka. Ndiyo maana siwezi kukaa." Alijinyoosha mgongo kwa mikono miwili, kama wanavyofanya wanawake wazee. "Sikiliza, mdogo wangu. Kule nanyanyua mama za watu. Korido nzima. Nawaosha, nawavalisha, nawageuza. Zamu ikiisha navaa koti naenda kulala. Nimekaa hapa siku hizi chache, nimemwona mama akinyanyuka kwenye kile kigoda, na nimejua siwezi. Mama hana zamu."

"Na mimi?"

Alilala juu ya fungu lake la majani kulikandamiza, akalizungushia kamba, akakaza. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Nilikuwa na hasira na sikuwa na nguvu ya kuitumia. Tukapanda na mizigo yetu, yeye mbele. Sikumlaumu kwa sauti. Njia ni kali pale, na pumzi ilikuwa ya kupandia tu.

Jioni alimwambia mama mwenyewe, mbele yangu, akiwa amekaa chini kama mtoto.

"Sawa," mama alisema. Akageuza ndizi motoni. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea kwangu, bila kunitazama. "Na huyu?"

"Mimi nipo, mama," nikasema.

"Sikukuuliza wewe."

Dada alimweleza basi. Habari za Dar, meza, hadithi ya kulungu, kila kitu ambacho mimi nilikuwa sijakisema. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu: kama kulungu wa kwenye hadithi yangu wana pembe. Nikasema wanazo. Akasema, "Basi wana mimba. Usiwarushe." Akatuletea chakula.

Asubuhi nilipochukua mundu, mama aliniambia niuache. Mama jirani alikuwa amesimama nje ya banda na kamba mpya mkononi, amevaa kitenge cha kanisani.

Kwetu ng'ombe anaweza kuwekwa kwa mtu. Anabaki wako, lakini anakula na kulala kwa mwenzako. Maziwa na mbolea ni vya anayemlisha, na ndama wakija mnajua wenyewe mtakavyogawana. Wazee walikuwa na ng'ombe waliotawanyika vijiji vingi namna hiyo. Lakini mwenye mtoto wa kiume nyumbani kumweka ng'ombe wake pekee kwa mjane wa chini yake ni jambo lingine. Ni kuutangazia mlima mzima kwamba hapa hakuna mikono. Watu wangesema wa mwisho ameshindwa. Mama alilijua hilo kuliko mimi.

"Watasema, mama," nikamwambia.

"Waseme. Wakimaliza waje wanisaidie kuchota maji."

"Na migomba? Mbolea je?"

"Migomba itakula ya zamani. Mshike kichwa huko, baba, usisimame kama nguzo."

Kumtoa ilikuwa kazi. Ng'ombe alisimama kwenye kizingiti cha banda, akanusa uwanja, akarudi nyuma. Hakujua miguu ni ya nini. Kwato zake zilikuwa zimekua ndefu na laini kwa kukosa njia ya kuzisaga. Mama jirani alimwonyesha kipande cha mgomba, akamsemesha maneno ya kitoto, akamtukana kidogo, na hatimaye akatoka, hatua moja, akasimama akitetemeka, hatua nyingine. Dada alikuwa upande mmoja na mimi upande mwingine, mabega yetu yamemkandamiza asianguke. Tulishuka hivyo kati ya kahawa, polepole kama maandamano ya mazishi. Nyuma yetu mama alikuja na fimbo yake. Nilimsikia njia nzima. Tik. Tik.

Banda la mama jirani lilikuwa limefagiliwa na kujazwa majani mapya. Walikuwa wamelipanga, wawili hao. Ng'ombe aliingia kwa haraka kuliko alivyotoka kwetu, akageuza kichwa kwenye ukuta, akaanza kula.

"Mshaona," mama jirani alisema. "Yeye safari yake imeisha. Nyie ndio bado."

Nyumbani mama aliuchukua mundu kutoka pale nilipouacha, akaupangusa kwa sketi, akautundika kwenye pembe, juu ya mlango wa jikoni. Ulikaa vizuri kati ya matawi mawili, kana kwamba pembe iliota kwa ajili ya kazi hiyo.

"Gari la dada yako linakuja mchana," alisema. "Utaondoka nalo."

"Leo? Mama, Dar wananisubiri baada ya mwaka mpya."

"Nimesikia. Ukilala hapa leo, kesho utaniambia umeona paa linavuja. Kesho kutwa utasema nimekohoa." Alikuwa ameegemea fremu ya mlango. Uso wake ulikuwa na uchovu ambao nilikuwa nimeuona kwa miaka bila kuusoma, na nilielewa kwamba ule wangu alikuwa ameusoma siku zote. "Sijasema nakufukuza. Nimesema funga begi."

"Nani atakuwa anakuletea kuni?"

"Mungu na mama jirani. Mmoja wao atakumbuka."

Nilifunga begi. Vitu vilikuwa vichache kuliko nilivyodhani. Shati, daftari, viatu vya mjini ambavyo vilikuwa vimeshika ukungu. Banda lilikuwa kimya na kila nilipopita nililisikia. Gari lilipiga honi barabarani. Dada alipiga magoti mbele ya kigoda, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama, na mama akaiweka mikono yake myeusi kwa utomvu juu ya nywele zake, akasema mambo kwa Kichagga ambayo yalikuwa yake. Kisha dada akatangulia na sanduku lake, bila kugeuka.

Zamu yangu mama hakuniruhusu kupiga magoti. Alinisukuma begani kwa kiganja, kama unavyomsukuma mnyama aliyesitasita mlangoni.

"Mama, nikifika..."

"Ukifika umefika. Toka, unaniingizia kuku."

Nikavuka kizingiti na begi langu. Niliyasikia magoti yake yakinifuata, tik, tik, hadi mlangoni, yakasimama pale. Nilisubiri aseme neno. Mlango ukafungwa.